Hongera, Mtunza Stoo

Nampongeza kwa dhati aliyebuni programu inayohifadhi mafaili yangu mawinguni, kisha ikanichagulia yapi yabaki kwenye kompyuta. Mimi nani hata nijue ninachohitaji? Juzi, nikiwa kwenye boti ya Unguja, mtandao umekata katikati ya maji, nilibofya ripoti ya kikao cha kesho yake. Jina lipo, tarehe ipo, ukubwa upo. Pembeni kawingu kadogo keupe. Ripoti yenyewe ilibaki nchi kavu. Ila video ya harusi ya binamu, gigabaiti 6, niliyoifungua jana yake kwa bahati mbaya, ilikuwa salama salimini.

Na ni haki. Kanuni ya programu inasema kisichoguswa siku nyingi kitangulie kutoka. Mama angekuwa na busara hiyo, angegawa mwamvuli kila kiangazi na kufukia kisima siku ya mvua.

Wale wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walihangaika bure. Mfumo wao wa Coda, walioanza kuujenga mwaka 1987, ulimwacha mtumiaji aorodheshe mafaili ya kuwekewa akiba na kuyapangia vipaumbele. Kila dakika 10 mfumo ukapita kukagua kama yapo. Eti kumuuliza mwenye mali! Ushamba ulioje.

Naambiwa hata kwangu kuna kitufe cha kuamuru faili libaki. Kipo, nimekiona. Kukibonyeza kunahitaji mtandao.

Harusi nimeitazama mara mbili kabla ya kushuka bandarini. Bibi harusi alipendeza.