Waraka kwa Waheshimiwa wa Capitol

Kwa Wawakilishi na Maseneta,
Bunge la Marekani,
Washington.

Waheshimiwa,

Nawapa pole. Nasikia mnalalamika kuwa Rais amewapokonya madaraka. Chama kikitoka Ikulu huanza kulalamika, kilichoingia hunyamaza. Zamu ikigeuka, malalamiko nayo huhama. Kwa hiyo sitauliza ni Rais yupi. Naomba ruhusa ya kuuliza jambo moja tu: aliyapokonya, au mlimpelekea mlangoni?

Katiba yenu ya 1787 haikuwanyima kitu. Ibara ya kwanza ni yenu, kabla ya ile ya Rais na ile ya Mahakama. Kutangaza vita ni kazi yenu. Hazina haitoi senti bila sheria yenu. Rais akikataa muswada, thuluthi mbili ya kila baraza inatosha kumshinda. Wazee wetu husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ninyi kisu mnacho, ila nyama anakula mwingine.

Mara ya mwisho mlipotangaza vita ilikuwa Juni 1942. Mwaka 1950 Truman aliingia Korea bila kuwaomba kura, nanyi mkalipa gharama. Mwaka 1973 mkazinduka, mkamshinda Nixon na kupitisha sheria kwamba bila idhini yenu mapigano yasizidi siku 60. Hongereni. Mwaka 2011 mashambulizi yenu nchini Libya yalipovuka siku hizo, serikali ya Obama ilieleza kwamba ule haukuwa uhasama unaotajwa na sheria. Wenzenu kumi wakaenda mahakamani, kesi ikatupwa.

Hali ya dharura ndiyo inayonisikitisha zaidi. Sheria yenu ya 1976 ilimruhusu Rais aitangaze, nanyi muizime kwa wingi wa kawaida wa kura. Mwaka 1983, katika kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba azimio lisilopita mezani kwa Rais haliwezi kufuta uamuzi wa serikali. Tangu hapo, anayetaka kuzima dharura hana budi kumwomba sahihi yuleyule aliyeitangaza. Mlijaribu mwaka 2019, kuhusu dharura ya mpaka wa Meksiko. Mabaraza yote mawili yalikubali kuifuta, Trump akatumia kura ya turufu. Wawakilishi wakarudia: 248 wakataka ifutwe, 181 wakakataa. Walioshindwa ni wale 248, kwa kuwa hawakufika thuluthi mbili.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna kura kwenu, lakini madhara hayatuombi kitambulisho. Januari 2025 amri ya Rais ilisimamisha misaada ya nje, fedha mlizokwisha kuzipitisha wenyewe. Huku, kliniki zilizowahudumia wanaoishi na virusi vya UKIMWI ziliyumba kwa amri hiyo. Julai mkapitisha sheria ya kufuta takriban dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Haki mlikuwa nayo, kwani mfuko ni wenu. Ila mwenye mfuko anayeona fedha zimezuiwa, kisha akabariki zifutwe, asilie kwamba ameporwa.

Dawa mnayo. Muswada wa kutaka dharura ife yenyewe baada ya siku 30 msipoiidhinisha umewasilishwa kwenu zaidi ya mara moja. Ukipita, ukimya wenu utakuwa "hapana". Leo ukimya wenu ni "ndiyo". Najua ugumu wake: mtalazimika kupiga kura, majina yatoke, na wapiga kura wa jimboni wayasome. Ni afadhali kulalamika, maana lalamiko halihesabiwi.

Basi upitisheni muswada huo, au mwacheni Rais apumzike na malalamiko. Kumpa mtu madaraka kisha kumwita mwizi ni kumwonea.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa Katiba yenu