Pikipiki Inayochemsha

Shigeru Miyamoto, mbunifu wa michezo ya video, anasifiwa dunia nzima kwa kumzaa Mario, nami simnyang'anyi mtu sifa zake. Ila mbali na Mario alishiriki kutuletea Excitebike, mchezo wa mbio za pikipiki za matope uliotoka Japani mwaka 1984, na huo mimi nina maneno nao. Huku kwetu wengi tuliupata ndani ya zile kaseti zinazojinadi kuwa na michezo 9999. Ukiihesabu kwa makini, ni michezo michache tu iliyobadilishwa majina na rangi.

Tuanze na joto. Kitufe cha A ni mwendo wa kawaida, B ni mwendo wa kichaa. Sasa niambie, nani amekaa kwenye mashindano akachagua mwendo wa kawaida? Unavuta B, kipimo cha joto chini ya skrini kinapanda, kinapiga kelele, halafu pikipiki inachemsha. Dereva anasogezwa pembeni ya njia, anakaa, na wewe huna la kufanya ila kuangalia wenzako wakipita kama abiria aliyeachwa na basi. Ipo mishale imechorwa njiani, ukiikanyaga injini inapoa papo hapo. Bila shaka mishale hiyo iko kwenye mstari ule ambao wewe hupo.

Hao wenzako nao ni mtihani. Gurudumu lako la mbele likigusa la nyuma la mwenzako, unaanguka wewe. Yeye anaendelea na safari zake, hata pole hakuna. Ukija kuchunguza, hata hushindani nao. Unashindana na saa, wao wamewekwa kuziba njia tu. Hilo kwa mtu anayeendesha Dar es Salaam si burudani, ni kazi ya kila siku.

Kilichoniuma zaidi ni sehemu ya kujitengenezea njia. Unapanga vilima, matope na miinuko upendavyo, jambo ambalo kwa mwaka 1984 lilikuwa la ajabu, heshima yao. Kwenye menyu kuna neno la kuhifadhi. Unalichagua. Hakihifadhiwi kitu! Kumbe lilihitaji kinasa sauti maalumu cha kaseti kilichouzwa Japani peke yake. Zima umeme, na vilima vyako vyote vimekwenda. Na umeme wetu mnaujua.

Mpwa wangu ananicheka. Yeye ana mchezo wa pikipiki wa MXGP, kazi ya Waitaliano, matope yanaruka mpaka unataka kufuta kioo cha televisheni. Ukianguka unabonyeza kitufe, muda unarudi nyuma, unajikuta juu ya pikipiki kana kwamba hakuna lililotokea.

"Anko, huu ndio mchezo."

Mchezo gani huo wa mtu kuanguka bila adabu kumfika? Kwangu mimi dereva akianguka anabingirika, kisha anaifuata pikipiki yake kwa miguu, nawe unabonyeza upesi upesi ili akaze mwendo, kidole gumba kikiwaka moto. Na akiruka kilima lazima uisawazishe pikipiki hewani, mbele isiinuke mno wala isiiname. Ukitua sawa kwa magurudumu yote mawili, mwendo haupotei, na hiyo raha haina picha nzuri inayoizidi. Hapo ndipo nashindwa kuutupa mchezo huu.

Nikampa pedi. Akavuta B tangu filimbi ya kwanza. Ikachemsha.

"Anko, mbona haiendi?"

"Inapoa. Subiri."

"Nisubiri kwenye gemu?"

Akaanza kupekua menyu akitafuta pa kuzima joto. Nikamwacha apekue. Menyu hiyo ina neno la kuhifadhi lisilohifadhi kitu. Akiliona la kuzima joto, basi na lenyewe halitafanya kazi.