Barua ya Wazi kwa Mtukufu Darth Vader, Kuhusu Daktari Aphra

Kwa Mtukufu Bwana Darth Vader,
Mkono wa Kuume wa Kaizari,
Popote Meli Yako Ilipo.

YAH: OMBI LA MSAMAHA KWA DAKTARI CHELLI LONA APHRA, MWANAAKIOLOJIA

Mtukufu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo. Sijui kama huko kwenu watu huitikia marahaba, ila pumzi yako moja, ile ndefu yenye mkwaruzo, nitaihesabu kuwa jibu, na nitashukuru.

Naomba radhi kwanza kwa kukuandikia hadharani. Utaratibu ungenitaka nipitie kwa katibu wako, lakini katika kusoma kwangu kote sijakutana na msaidizi wako hata mmoja aliyefikia umri wa kustaafu. Nikafikiria kuomba tuongee kwa skrini, nikamkumbuka Admeri Ozzel katika filamu ya mwaka 1980: mlikuwa sehemu tofauti za meli, mnaonana kwenye kioo tu, na bado shingo yake ilibanwa mpaka akaanguka. Gazeti nimeliona lina usalama zaidi. Likikukera, utachana gazeti.

Mimi ni msomaji wa kawaida wa katuni. Nimelelewa na jarida la Sani, na Ndumilakuwili ndiye aliyenifundisha kwamba mhusika anaweza kuwa laghai kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na bado ukalisubiri toleo lijalo kama mfanyakazi anavyosubiri tarehe ya mshahara. Kwa hiyo nilipokutana na Daktari Aphra sikupata taabu kumwelewa. Nilimwona kama binamu ya Ndumilakuwili aliyebahatika kupata chombo cha angani.

Aliyetukutanisha naye ni wewe, Mtukufu, na shukrani hiyo nilipaswa kuitanguliza. Mwaka 2015 Marvel walianza kuchapa mfululizo wenye jina lako, Kieron Gillen akiandika na Salvador Larroca akichora. Katika toleo la tatu akatokea mwanamke mwenye kofia ya rubani na miwani yake, mkono umechorwa tatuu kama nyaya za umeme, anakimbia na mali ya kale ambayo si yake. Gillen hakuficha alikomtoa. Alimchukua Indiana Jones, profesa yule wa filamu tangu 1981, akamgeuza kama fulana, mishono ikatokea nje. Jones hufoka kwamba kitu cha kale mahali pake ni makumbusho. Aphra naye anaamini kila kitu cha kale kina mahali pake. Ila mahali penyewe ni ghala la silaha, au meza ya mteja mwenye fedha taslimu.

Kuhusu hilo neno "Daktari", naomba ulisome kwa jicho la huruma. Mfululizo wake mwenyewe unapoanza, Desemba 2016, shahada yake imesimamishwa na chuo, na aliyemchongea ni baba yake mzazi, Korin Aphra. Mzee naye ni mwanaakiolojia. Alitaka binti amsaidie kutafuta habari za Ordu Aspectu, kundi la Jedi wa kale waliotafuta kuishi milele, na kwa kuwa binti haongei naye, akaona njia ya mkato ni kumnyang'anya cheti kwanza, ndipo wazungumze. Nimewahi kuona wazazi wakali, lakini huyu kawazidi. Nakugusia hili kwa sababu nawe ni mzazi, na si mimi wa kukueleza jinsi ugomvi wa baba na mtoto unavyoweza kumfikisha mtu hatua ya kupoteza mkono.

Nije kwenye utumishi wake kwako.

Ulimchukua wakati mgumu. Death Star, kituo kikuu cha kivita cha Dola, ilikuwa imelipuliwa, Kaizari amekushusha hadhi, umewekwa chini ya Jenerali Tagge, mtu wa majedwali na hesabu. Ulihitaji jeshi la siri na watu wasiokuwamo kwenye orodha ya malipo ya Dola. Aphra akakupa vyote. Alikuletea Triple Zero, roboti bingwa wa adabu, lugha na mateso, na mwenzake BT-1, anayefanana na roboti fundi wa kawaida mpaka afungue vifuniko, ndipo unaona bunduki zinatokea kila upande. Mkaenda Geonosis kuchukua kiwanda cha kuzalisha askari wa chuma. Habari za marehemu mkeo, ambazo pia alitumwa kuzifuatilia Naboo, sitazigusa, kwa heshima ya msiba.

Lakini jeshi linahitaji fedha, na fedha zilikuwa za Dola. Aphra na genge lake wakaziiba kwa baraka zako. Na hapo, Mtukufu, kwa adabu yote niliyofundishwa nyumbani, nililazimika kuweka kitabu chini nicheke, maana Tagge alitafuta mtu wa kuaminika wa kuwasaka wezi, akakuteua wewe. Ukapewa na msaidizi, Inspekta Thanoth, mtulivu, mwenye heshima, asiyesahau kitu. Huku kwetu tumeona tume za uchunguzi za kila namna: zisizo na ripoti, zenye ripoti isiyosomwa, na zile ambazo ripoti yake iliandikwa kabla ya tume kuundwa. Tume ambayo mwizi ndiye mchunguzi, anatembea na mkaguzi ubavuni, anamwonyesha njia isiyokuwa na nyayo, hiyo ilinipa faraja ya ajabu. Nilijua hatuko peke yetu kwenye ulimwengu.

Thanoth aliligundua, bila shaka. Alikokotoa taratibu mpaka akafika mlangoni pako, akakuambia anayoyajua kwa lugha ya staha kuliko hii yangu, nawe ukamwua. Mungu amrehemu. Nadhani ndiye mtu pekee katika matoleo yote 25 ya mfululizo wako aliyekuheshimu bila kukuogopa.

Sasa naomba uvumilivu wako, kwa sababu nafika kwenye jambo lililonifanya nikamate kalamu.

Aphra hakuwahi kujidanganya kwamba utamwacha hai. Alikuambia hivyo mwenyewe, mapema kabisa, tena bila kulalamika. Akakuomba jambo moja: siku ikifika, utumie upanga wako wa mwanga, shingoni, mara moja. Kinachomtia jinamizi, alisema, ni kutupwa nje ya chombo, kwenye utupu wa anga. Ulimsikiliza kimya, kama kawaida yako. Halafu katika toleo la 25, Oktoba 2016, baada ya yeye kukuchongea kwa Kaizari (na mzee akafurahi kuona una ujanja kiasi hicho), ulimburuta hadi kwenye mlango wa kutokea angani, akilia na kukumbusha ombi lake, ukamtupa nje.

Alikuwa amepanga. Mlango ule ndio aliouhitaji. Robo­ti zake na Krrsantan, Wookiee, jitu la manyoya meusi lenye makovu, walikuwa karibu, wakamvua kama dagaa.

Mtukufu, huko kwenu hakuna bibi?

Nauliza kwa unyenyekevu. Mtoto yeyote wa pwani angekushika mkono kabla hujaugusa huo mlango. Sisi tulikua na hadithi ya Sungura aliyekamatwa na Simba kwenye asali ya watu. Simba anamuuliza nikuleje, Sungura anamweleza kwa huzuni namna ya kumzungusha kwa mkia na kumbamiza chini. Simba anazungusha, mkia unachomoka ngozi, Sungura huyo porini. Simba hajifunzi. Anamkamata Kobe, anamuuliza swali lile lile, Kobe anamshauri amsugue matopeni mpaka gamba litoke. Simba anasugua na kusugua, Kobe kashaondoka zamani, mzee wa nyika anajichuna viganja kwenye jiwe. Wala hadithi hizo hazikuwa siri: Edward Steere aliziandika Unguja, zikachapwa London mwaka 1870, miaka 107 kabla wewe hujaonekana kwenye sinema yoyote.

Nguvu hukukosa, naomba nieleweke. Ulichokosea, kama naruhusiwa kutumia neno hilo karibu na jina lako, ni kuamini kwamba mtu anayetetemeka mbele yako hana nafasi ya kusema uongo. Machozi ukayachukua kuwa taarifa. Sisi watu wadogo tunatetemeka kweli, Mtukufu, hatuigizi. Lakini kutetemeka hakutuzuii kuhesabu milango. Tukishaona mkubwa anafurahia kujua tunachokiogopa, tunamchagulia.

Sitamtetea kwa kila kitu. Akiipata roho ya Rur, mkuu wa wale Ordu Aspectu, ile iliyohifadhiwa ndani ya fuwele, haipeleki kwa wasomi. Anaita majambazi wa galaksi nzima na kuinadi kama ng'ombe mnadani, na matokeo yake unayajua kwa sababu ulifika mwenyewe kwenye mnada. Anaowapenda huwaponza. Magna Tolvan alikuwa ofisa wako mwaminifu, mwenye cheo na mustakabali, mpaka alipoanza kumsaka Aphra na kuishia kumpenda. Baba kamsaliti, mpenzi kamsaliti, wewe kakusaliti, Kaizari naye kamtumia. Orodha ya waliobaki salama baada ya kufanya kazi na Daktari huyu ni fupi kuliko ya wastaafu wako.

Na hilo la kuuza mali ya kale linaniuma kwa sababu za nyumbani. Kilifi na jirani zake, Wamijikenda huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango kikishasimamishwa hakiondolewi. Kinaachwa mpaka mvua na mchwa wamalize kazi yao. Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita viling'olewa usiku kwa usiku, vikauzwa, vikavuka bahari, vikaishia kusimama kwenye kumbi za makumbusho za Marekani zenye taa nzuri. Makumbusho moja ya Denver ilikuwa na 30, na mwaka 2014 ikatangaza kuvirudisha Kenya. Aliyeving'oa hakuwa mjinga wa thamani. Aliijua bei vizuri kuliko alivyolijua jina la marehemu. Huyo ndiye Aphra, Mtukufu, bila kupunguza. Na mimi nampenda, nalipia matoleo yake, na sijapata namna ya kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mfuko mmoja yasigombane.

Ila nikimweka mizanini pamoja nawe, samahani, upande wako unashuka. Mwizi wa kigango anakiacha kigango kikiwa kigango. Miaka mingi baadaye mtu anaweza kukifuata, akajaza fomu, akakirudisha kwenye sanduku. Sayari ya Alderaan hakuna wa kuifuata. Ilikuwa na maktaba, makaburi na makumbusho yake, na kuilipua kulichukua sekunde chache. Najua amri ilikuwa ya Gavana Tarkin. Wewe ulisimama tu nyuma, umemshika begani binti wa pale ili atazame vizuri, binti ambaye baadaye tuliambiwa ni wako.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Umemwinda kwa miaka, na kila ulipomwinda aliongezeka. Mfululizo wake wa kwanza ulifika matoleo 40 kabla ya kufungwa mwaka 2019. Wa pili, kwa kalamu ya Alyssa Wong, ulianza 2020 ukafika 40 mengine. Katikati hapo Sarah Kuhn akamtengenezea mchezo wa kusikiliza. Krrsantan, aliyekuwa mdai wake, alishaingia kwenye televisheni mwaka 2022 katika The Book of Boba Fett na watoto wanamjua kwa sura. Ukimsamehe Daktari rasmi, kwa barua yenye muhuri, labda ataacha kuwa mjanja, kwa maana hatakuwa na wa kumkimbia, na sisi tutamchoka. Hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo kwa mhusika wa katuni. Nakushauri kama rafiki wa Dola.

Mwisho, iwapo maneno yangu yamekukera na adhabu haiepukiki, napiga magoti: upanga, shingoni, mara moja, nami nitakushukuru. Lolote lile, Mtukufu, isipokuwa kunifungia kwenye chumba kimoja na matoleo yote 80 ya Daktari Aphra, taa ikiwaka na chupa ya chai pembeni. Jambo hilo limenitia jinamizi tangu utotoni.

Naomba kuwasilisha.

Mtumishi wako mtiifu,
Msomaji wa Katuni

Nakala: Inspekta Thanoth (marehemu), kwa taarifa.