Kondoo Hana Makosa

Kondoo wa Uingereza anaishi vizuri kuliko mimi, na hilo nilishalizoea. Ana malisho, ana daktari, kodi ya nyumba haijui. Nisilolizoea ni bei ya manyoya yake yakishafika kwenye maonyesho ya sufu.

Tangu nianze kujifunza kusokota uzi kwa mkono, kila jirani hapa Cumbria ananiambia, "Nenda maonyesho, utajifunza." Haya, nimekwenda. Mlangoni kuna kiingilio. Yaani unalipa kwanza ili uruhusiwe kuingia ndani kulipa.

Ukumbi wenyewe ni banda la mnada wa mifugo. Limefagiliwa, ila harufu haifagiliki. Watu wazima wanainamia magunia ya manyoya yasiyofuliwa, mafuta ya kondoo bado yanateleza humo, wananusa na kufumba macho kama bi harusi anayefukizwa udi. Mimi nilinusa zizi.

Nikakutana na mfugaji wa Herdwick, kondoo wa milima ya huku, wale wanaozaliwa weusi na kugeuka kijivu wakikua. Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za sungura, aliwafuga mpaka alipofariki mwaka 1943. Sufu yao inawasha; fulana yake mpe adui. Mzee yule akanilalamikia kwamba manyoya ya kondoo mmoja hayarudishi hata ujira wa mnyoaji. Mwaka 2020 bei ilianguka hadi wafugaji wengine wakayachoma moto. Nikamwonea huruma kwelikweli. Kisha nikageukia meza ya pili: sufu imefuliwa, imechambuliwa, imetiwa rangi ya zambarau, inapimwa kwa gramu, na bei yake ikanifanya nijionee huruma mwenyewe. Hapo katikati kuna mtu anakula, na si mzee yule wala si kondoo.

Kwenye kona ya wanaoanza nikaketishwa kati ya mabibi wawili. Wa kulia: "Vuta, kijana, vuta!" Wa kushoto: "Usivute, iachie yenyewe." Uzi wangu ukanenepa, ukakonda, ukakatika, kijiti cha kusokotea kikamwangukia mtu mguuni. Wakanisifu. Mwingereza akikusifu, ujue hali ni mbaya. Bibi wa kushoto akanisihi niutunze uzi huo, maana nikishakuwa fundi sitaweza tena kusokota kitu cha namna ile. Mpaka leo sijui kama nilibarikiwa au nilitukanwa.

Basi nikaona ninunue kijiti changu. Ufito mmoja, kisahani cha mbao, ndoano juu: pauni 30! Nikamweleza muuzaji kwamba kwetu, Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota visahani vya kazi hiihii, vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa duara na kutobolewa katikati. Karne na karne watu wamesokotea pamba kwa chungu kilichokufa, bila kumlipa mtu hata senti.

Mama wa watu alinisikiliza kwa adabu zote, macho yamemtoka. Akasema hadithi hiyo ni nzuri mno, na kwamba vya udongo anavyo pia, vile vya kienyeji kabisa, pale nyuma. Vyenyewe pauni 45.