YAH: Shukrani kwa Mafunzo Ambayo Sikupewa

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja, kwa kuwa bado nipo kwenye muda wa matazamio.

Profesa, 

Mimi ni Afisa Tawala Daraja la II. Nilipita usaili wa Sekretarieti ya Ajira nikapangiwa Kurugenzi ya Utafiti. Sijawahi kufanya utafiti maishani mwangu, na nahisi ndiyo sababu nikapelekwa huko. Nimeona niandike kabla sijathibitishwa kazini, maana nasikia mtu akishathibitishwa huacha kushangaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chuo chetu kina ukarimu zaidi: siku zote tatu za mafunzo elekezi zilikuwa za ugeni. Siku ya kwanza tulifundishwa mavazi ya mtumishi wa umma, saa moja na nusu, kwa picha. Siku ya pili ikaja historia ya chuo, kisha ndugu wa SACCOS akatueleza mkopo wa sikukuu kwa umahiri ambao sijauona tena tangu siku hiyo. Nilijiunga. Nakatwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, ratiba ilionyesha mada iitwayo “Usimamizi wa Ruzuku za Utafiti”, dakika ishirini, kati ya bima ya afya na picha ya pamoja. Mtoa mada alipata udhuru. Mshereheshaji akatutuliza kwamba mada yenyewe tutaielewa tukifika vituoni.

Pembeni yangu alikaa mhadhiri mpya, kijana aliyerudi na shahada yake ya uzamivu kutoka Ujerumani, bado ana kiu. Akanyoosha mkono: “Nikipata ruzuku ya nje, nianzie ofisi gani?” Akajibiwa, “Swali zuri sana.” Tukapiga makofi, tukatoka kwenda kupiga picha. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto, waliosimama, nyuma ya mtu mrefu.

Siku ya nne tukapewa jembe. Mpini tuutafute wenyewe.

Kituoni nilimkuta Bi Mkubwa. Ndivyo sote tunavyomwita, hata mkurugenzi. Aliingia chuoni akiwa mpiga chapa, sasa ana miaka thelathini na ushee hapo. Kwenye droo yake ya chini, chini ya kufuli, anatunza kaunta buku lililojaladiwa kwa kalenda ya benki ya mwaka 2011. Humo, Profesa, ndimo kinamokaa chuo chako chote cha utafiti. Kuna ukurasa wa kasma za miradi kwa wino mwekundu. Kuna ukurasa wa neno la siri la mfumo wa wafadhili, limekatwa na kuandikwa upya mara sita. Kuna ukurasa wenye onyo: “Wa Botania: usimpe fomu halisi, mpe nakala.” Na kuna mchoro wa safari ya dokezo, kutoka kwa mtafiti kwenda kwa mkuu wa idara, kwa amidi, kwa mkurugenzi, kwa mkaguzi wa ndani, kwa mhasibu, halafu mshale unarudi tena kwa amidi, na pembeni kaandika: “Sijui kwa nini, ila lazima.”

Kila asubuhi naamkia, nasubiri amalize chai na kitumbua, ndipo naomba kusoma. Ukurasa mmoja kwa siku. Siku akiwa ameudhiwa, hata huo sipati.

Nimesoma, kwa bando langu, kwamba huko Marekani watu wa kazi hii ya kusimamia ruzuku za utafiti wana chama chao, NCURA, tangu 1959, yaani Tanganyika haijapata hata uhuru. Wana pia baraza la kuwatahini, lililoundwa 1993. Kusini mwa Afrika wana SARIMA tangu 2002. Watu wazima wanakaa darasani kujifunza namna ya kusoma mkataba wa ruzuku! Sisi tumewaruka wote kwa kaunta buku moja.

Naomba nikueleze tukio la tarehe 5 Oktoba, kwa sababu kwenye taarifa ya robo mwaka liliandikwa “changamoto ya mtandao”. Tarehe hiyo, pamoja na 5 Februari na 5 Juni, ndizo ambazo NIH, taasisi za utafiti wa afya za Marekani, hupokea maombi mapya ya ruzuku yake kubwa ya R01. Mwisho ni saa 11 jioni, na saa hiyo ni ya mahali alipo mwombaji. Imeandikwa wazi, kwa yeyote aliyeonyeshwa pa kusoma. Kijana wetu wa Ujerumani hakuonyeshwa. Akapiga hesabu ya kisomi: saa 11 jioni ya Washington ni saa 6 usiku kwetu, basi muda upo tele.

Saa 10 na nusu jioni alikuja kwangu na bajeti. Gharama za uendeshaji za chuo alikuwa ameziweka asilimia 25, kwa kuwa mwenzake aliye chuo cha Marekani ameweka zaidi ya hapo. Kwa taasisi iliyo nje ya Marekani, kikomo cha NIH ni asilimia 8. Kwenye kila dola 10,000 chuo hupata 800, siyo 2,500. Bi Mkubwa analijua hilo. Liko ukurasa wa 14.

Mimi nilikuwa nimefika ukurasa wa 9.

Tuligundua kikomo hicho kwa kusoma maelekezo ya mfadhili wenyewe, tukiwa na mihogo ya kukaanga mezani na saa 12 imeshapita. Tukarekebisha. Saa 3 usiku tukawa tayari kutuma, ndipo tukajua kwamba mtafiti hawezi kutuma mwenyewe. Anayetuma ni afisa aliyesajiliwa kwa niaba ya chuo. Afisa huyo alikuwa Dodoma kikaoni, simu imezimwa. Neno lake la siri liko sehemu mbili: kichwani mwake na kwenye kaunta buku. Kaunta buku liko kwenye droo. Ufunguo wa droo ulikuwa msibani Utete pamoja na Bi Mkubwa. Saa 5 na nusu usiku bwana mkubwa akawasha simu, akatutajia herufi moja moja, “kubwa, ndogo, ndogo, alama ya mshangao.” Saa 5 na dakika 40 ombi likaondoka. Tukashikana mikono, tukapongezana. Tulikuwa tumechelewa kwa saa sita na dakika arobaini.

Kijana ameacha kuuliza maswali mazuri.

Nisisahau usajili wetu kwenye SAM.gov ya serikali ya Marekani, ambao lazima uhuishwe kila mwaka. Ukumbusho wake unakwenda kwenye barua pepe ya mzee aliyestaafu zamani. Namshukuru sana: kila mwaka hutupigia simu kutoka shambani kwake Handeni kutuambia muda unaisha. Nayo fomu yetu ya ndani bado inadai namba ya DUNS, ambayo serikali ya Marekani iliacha kuitumia Aprili 2022. Watu wanaijaza.

Kuna pia mhadhiri wa samaki. Alichukua masurufu akaenda Ziwa Rukwa, wiki mbili, akarudi na sampuli zake na madaftari mawili ya takwimu, na ngozi imebabuka kwa jua. Mhasibu akataka risiti za EFD. Za mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa ametia dole gumba kwenye kipande cha karatasi ambacho, kilipofika ofisini kwetu, kilifanya watu wafungue madirisha. Ikawa hoja ya ukaguzi. Kumbe chuo kina fomu ya kuthibitisha matumizi yasiyo na risiti. Hujazwa kulekule uwandani na kushuhudiwa na mtendaji wa kijiji. Aliambiwa habari zake baada ya kurudi, na aliyemwambia ni mkaguzi. Anakatwa mshahara miezi minane. Siku hizi anatafiti samaki kwa kusoma.

Juu ya vibali vya utafiti nitakuwa mfupi. NIMR iliundwa kwa sheria ya 1979, COSTECH kwa sheria ya 1986, kwa hiyo zote mbili zimenizidi umri. Hata hivyo kila mwaka kuna mhadhiri mpya anayeamini barua ya mkuu wa idara inatosha. Ununuzi kupitia mfumo wa NeST, ulioanza 2023, sitausemea, ukurasa huo sijaufikia. Nilichokiona ni mtafiti wa maabara aliyetaka apewe fedha taslimu akanunue vitendanishi mjini. Afisa ununuzi alimpa semina palepale koridoni, kwa sauti, na sisi wengine tukafaidika.

Profesa, hata wewe uliwahi kuwa mhadhiri mpya. Nilitaka kujua nani alikuonyesha njia. Bi Mkubwa anasema ni yeye, na kwamba fomu yako ya kwanza ya masurufu uliijaza juu chini.

Sasa ombi. Bi Mkubwa, kama wengi wa rika lake, vyeti vyake vinasema alizaliwa tarehe 1 Julai. Tarehe hiyo mwaka huu anatimiza miaka 60 na kustaafu, siku mwaka wa fedha unapoanza. Ofisi inachangishana friji. Naomba chuo kilinunue lile kaunta buku. Nimeshaandika dokezo, liko kwa amidi kwa mara ya pili. Ugumu ni kwamba mwenyewe amesema anaondoka nalo, kwa kuwa alilinunua kwa fedha yake, na risiti ya EFD hana. Ikishindikana, nipewe kibali cha kulipiga fotokopi. Kurasa ni 192. Mimi nipo ya 41.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa Tawala II

Nakala: Jalada.
Bi Mkubwa, ambaye ndiye atakayenielekeza barua hii ipitie kwa nani.