Muulize Shangazi: Pumziko la Bei Mbaya

Mfuko wa barua wa mwezi huu una shida moja iliyoandikwa kwa miandiko mingi: watu wamechoka, na wanataka kuambiwa wapumzikie wapi na kwa pesa ya nani. Barua nyingi zimetoka wilaya ya Rubavu, Rwanda, hasa sekta ya Cyanzarwe, kule juu ya mji wa Gisenyi ambako mashamba yanapakana na Kongo na volkano ya Nyiragongo inachungulia kila asubuhi. Kama kawaida, Shangazi amefupisha barua na kuficha majina. Majibu hajayafupisha.

Dada anataka Ibiza

Wa kwanza ni kijana aliyejiita Kaka Mdogo. Dada yake anahudumia wazee huko Brussels, na baada ya kudunduliza muda mrefu ameamua kwenda kupumzika kwenye hoteli ya afya katika kisiwa cha Ibiza, Uhispania. Familia imekutana. Wameuliza bei ya usiku mmoja, wakanyamaza, kisha wakaamua kwamba binti aletwe nyumbani Cyanzarwe, kwa kuwa hewa safi ipo na haiuzwi. Kaka Mdogo anaomba Shangazi amwandikie dada yake maneno makali.

Kabla ya kukemea mtu, Shangazi alitaka kujua kinachouzwa. Kampuni ya Six Senses ilifungua hoteli yake Ibiza mwaka 2021, kwenye ghuba ya Xarraca kaskazini mwa kisiwa, na baadaye ikaongeza klabu ya watu wanaotaka kuishi miaka mingi, ambamo mgeni hupimwa mwili kwanza ndipo apangiwe la kufanya. Mwaka 2024 One&Only nao wakafungua yao katika kisiwa cha Kea, Ugiriki. Majina tofauti, ratiba ni ndugu: kuamka mapema, kupanda mlima kwa miguu, kula mboga na nafaka, kukaa kwenye joto, kuingia maji baridi, kuweka simu mbali. Mkulima wa Cyanzarwe akisomewa ratiba hiyo ataona ni Jumanne yoyote, isipokuwa simu yake huwekwa mbali na betri iliyokwisha.

Hapo ndipo familia inapojidanganya. Kuna kisiwa kingine cha Ugiriki, Ikaria, kinachosifika duniani kwa wazee wake waliokula chumvi nyingi. Hawalipi hoteli yoyote. Wanalima bustani zao kwenye miteremko, wanakula maharage, viazi na mboga za porini, na alasiri wanalala. Cyanzarwe ina mteremko, ina maharage, ina viazi. Usingizi wa alasiri haina. Mwanamke atakayeonekana amelala saa tisa mchana msimu wa palizi ataulizwa anaumwa nini, na jioni majirani watakuja kumjulia hali.

Kwa hiyo Shangazi anawaomba wanafamilia wawe wakweli kuhusu pumziko wanalomwandalia binti huyu. Atashuka uwanja wa ndege wa Kanombe, atapanda basi kwa mwendo wa saa tatu hivi hadi Gisenyi, na usiku huohuo atakuta wajomba wamejaa sebuleni. Kesho yake litaletwa suala la ada za shule. Keshokutwa, harusi, naye ndiye mfadhili wa sare. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi yuko na jembe kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kule Ibiza hakuna anayejua kwao, na hicho ndicho kitu ghali kuliko chakula na kitanda.

Ushauri: mwacheni aende, ila achague siku chache na msimu ambao si wa kiangazi, bei zinaposhuka. Akiamua kuja nyumbani, afikie kwanza kwenye hoteli ya ufukweni Gisenyi, mji uliokuwa wa mapumziko tangu enzi za wakoloni, na awatangazie ndugu tarehe ya kufika ambayo imechelewa kwa siku tatu. Uongo wa siku tatu Shangazi anaubariki.

Mama anataka kugeuza shamba kuwa hoteli

Mama mmoja ana shamba la viazi na karoti huko Cyanzarwe. Mwanawe, aliyesomea utalii, anamwambia ang'oe karoti wajenge vibanda vya kifahari. Eti Wazungu watalipa kuamka alfajiri na kulima. Mama anauliza: je, kuna binadamu wa namna hiyo?

Wapo. Italia ina sheria tangu mwaka 1985 inayosimamia wakulima wanaopokea wageni mashambani, na kisiwa cha Sardinia kina mashamba mengi ya aina hiyo. Lakini kijana huyo asome mpaka mwisho: sheria inataka kilimo kibaki kazi kuu, na wageni wawe nyongeza. Yeye ameanza kwa kung'oa karoti.

Karibu na nyumbani, mfano anaoutamani kijana bila shaka ni Bisate, hoteli ya vibanda sita iliyofunguliwa mwaka 2017 pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Ilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa mashamba, na kampuni ikapanda upya miti ya asili kwa maelfu. Ni kazi nzuri. Ila mgeni wa Bisate amekuja kwanza kwa ajili ya sokwe, na kibali cha kuwaona kinauzwa dola 1,500 tangu mwaka 2017. Vibanda vinamfuata sokwe. Cyanzarwe haina sokwe. Ina Nyiragongo kwa mbali, mlima wa mita 3,470 ambao ulilipuka mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na mara hii ya pili mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara Rubavu. Mgeni aliyekuja kutafuta utulivu ana haki ya kuambiwa hayo kabla ya kulipa.

Mama asiuze hata jembe. Wageni wa Gisenyi wapo: wa kutoka Kigali wikendi, na wanaotembea au kuendesha baiskeli kwenye njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Wote wanakula. Apeleke jikoni kwa mahoteli karoti zilizooshwa, za ukubwa mmoja, siku ileile waliyoahidiana, na adai malipo kwa maandishi. Mwanawe apewe kazi ya kupeleka bili. Hapo atajifunza utalii zaidi kuliko alivyojifunza darasani. Faida ikitulia, wajenge chumba kimoja chenye choo safi, kisha waanze kuulizia taratibu za Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, ambayo ndiyo hugawa nyota za hoteli.

Mguu ulioteguka na maji ya moto

Msomaji mwingine aliteguka mguu akicheza mpira. Rafiki zake wakamkokota hadi amashyuza, zile chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba ufukweni mwa Ziwa Kivu, wakamwambia hakuna haja ya hospitali. Amerudi mguu umevimba zaidi, na sasa anawashuku wachawi.

Wachawi wapumzike. Maji ya Nyamyumba yanatoka ardhini yakiwa na joto linalopita digrii 70. Watu huchemshia mayai humohumo: unayatumbukiza kwenye mfuko, unapiga gumzo kidogo, unamenya. Maji yanayoivisha yai hayaulizi kama umeleta yai au kisigino. Pale yanapochanganyika na maji ya ziwa ndipo mtu huweza kukaa, na hapo vijana hukanda migongo na miguu ya wageni kwa ujira wa kupatana.

Joto hulegeza misuli iliyokaza, na watu wamelijua hilo zamani sana. Huko Ikaria kuna kijiji kinachoitwa Therma, na chemchemi zake zilitumika tangu enzi za kale. Ila mguu ulioteguka leo unataka baridi, kitambaa cha kuubana, na kuinuliwa. Joto mapema namna hiyo huongeza uvimbe. Na kama mfupa umevunjika, hakuna chemchemi duniani inayouunga. Aende Hospitali ya Gisenyi akapigwe picha, Nyamyumba arudi akishapona. Na akirudi akumbuke kwamba jirani wa chemchemi ni kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Wengi walioapa wanaenda kutibu mgongo wamerudi wakitibu kichwa.

Anaogopa kuoga ziwani

Bibi harusi mtarajiwa anataka fungate Gisenyi, lakini mchumba amesikia kwamba Ziwa Kivu lina gesi na linaweza kulipuka. Anataka waende Zanzibar. Nani yuko sahihi?

Mchumba amesikia kweli nusu. Kivu lina kina cha mita zaidi ya 480, na chini yake zimeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Watu wanakumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku na kuua watu wapatao 1,700. Ila gesi nyingi ya Kivu imekandamizwa kilindini, takriban mita 260 kwenda chini, na uzito wa maji pamoja na matabaka yake huizuia isipande. Tena haikai bure. Kuanzia mwaka 1963 gesi iliyotolewa Rubona ilichemshia maji ya kile kiwanda cha bia cha Bralirwa kwa miaka mingi, na sasa mtambo wa KivuWatt wa Karongi unaigeuza kuwa megawati 26 za umeme. Huenda taa za ukumbi wa harusi yao zitawashwa na kitu kilekile anachokikimbia bwana.

Cha kuangalia kwa macho mawili ni mazuku, hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayokaa kwenye mabonde na mashimo ya ardhi ya volkano pembezoni mwa ziwa, hasa upande wa mji wa Goma, Kongo. Imeua mifugo, imeua watu. Maharusi waulize wenyeji kabla ya kushuka bondeni, na wasijifiche kwenye mashimo kutafuta faragha, vyumba vipo. Jioni wakae ufukweni waone wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakipiga makasia kwa wimbo, kwenda kutegea samaki wadogo waitwao sambaza kwa taa. Sambaza wa kukaanga hawapatikani Zanzibar, na bwana akishalamba vidole ataacha ubishi.

Mume anakunywa kijani

Mke wa mfanyabiashara wa vitunguu anasema mumewe aliona video ya hoteli ya kisiwani ambako wageni husafisha mwili kwa juisi. Siku hizi anasaga dodo, yaani mchicha, na limau, hali kitu kingine, na amegombana na wateja wawili.

Mwili wake una ini na figo, navyo vinasafisha usiku na mchana bila kudai bili. Rwanda ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hula maharage kwa wingi zaidi duniani, na hiyo ndiyo sahani ambayo wageni wa visiwani wanaandaliwa kwa jina refu. Kama ana kisukari au anameza dawa za presha, aende kituo cha afya kabla hajafunga kula, bima ya afya ya mutuelle anayo. Dodo ipikwe. Blenda ipewe likizo.

Mkandaji naye kachoka

Barua ya mwisho imeandikwa na binti anayekanda wageni kwenye spa ya hoteli moja ambayo Shangazi hataitaja. Dole gumba linamuuma, anatabasamu tangu asubuhi hadi usiku, na kila akiomba likizo anaambiwa msimu haujaisha. Anauliza: anayewapumzisha watu, yeye anapumzishwa na nani?

Binti huyu hayuko peke yake. Huko Ibiza wafanyakazi wa msimu wamekuwa wakilala kwenye magari na mahema kwa sababu kodi za nyumba zimepaa, na Mei 2024 maelfu waliandamana mjini Palma, kisiwa jirani cha Mallorca, wakilalamika kwamba utalii umewafukuza majumbani mwao. Mgeni hulipia kutokubeba chochote, na mzigo alioutua hauyeyuki. Kuna mtu wa zamu anaupokea.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inampa siku 18 za kazi za likizo ya malipo kwa mwaka, na kila wiki saa 24 mfululizo za kupumzika. Aombe kwa barua yenye tarehe, abaki na nakala, na akikataliwa aende kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Dole gumba aliache: akandamize kwa kigasha na kiwiko, ainamie kwa uzito wa mwili, na atake kitanda cha kukandia kishushwe kilingane na kimo chake.

Siku ya kwanza ya likizo apande pikipiki hadi Nyamyumba, simu amwachie mama yake, akae pale maji yanapovumilika na awaachie vijana mgongo wake. Wapatane bei kabla ya kuanza. Wakishamaliza alipe yote, asiseme yeye ni mwenzao wa kazi ili apunguziwe.