Mgeni, Ratiba na Sufuria ya Ugali

Methali inayompa mgeni siku mbili za kustarehe na kumkabidhi jembe siku ya tatu hutatizika pale mgeni anapokuwa mwanafunzi mwanariadha kutoka Ulaya aliyekuja kufanya mazoezi Iten, mji wa Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa siku ya tatu mgeni huyo huwa bado hajapata pumzi ya kulinyanyua jembe lenyewe. Kanieneo, yaani msukumo wa hewa, hupungua huko hadi takriban robo tatu ya ile ya pwani, na mwili huhitaji majuma kadhaa kuongeza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni. Lakini mama mwenye nyumba, anapomwona kijana mwenye mapaja ya chuma akihema kwa kutoka sebuleni hadi jikoni, humshuku kuwa na homa na kumkorogea uji.

Baada ya uji hufuata mursik, maziwa yaliyochachushwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa, ambayo mabingwa hunyweshwa wanaporejea nyumbani, hivyo kwamba kumpa mgeni asiyeshinda chochote ni heshima ya mkopo. Matumbo yasiyoyazoea hulipa deni hilo usiku, na njia ya kuelekea chooni, nyuma ya zizi, huwa ndiyo ya kwanza kushuhudia kasi ambayo mgeni alisifiwa nayo. Kunapokucha, mgeni huyohuyo, akiitii ratiba ya kocha wake inayomtaka aloweke misuli katika maji baridi kila amalizapo mazoezi mazito, hukutwa amezama hadi kiunoni katika pipa la maji ya mvua, huku binti wa nyumba amesimama kando akiwa na birika la chai.

Mgogoro mkubwa zaidi ni wa sahani, kwani mwenyeji hupima upendo kwa wingi wa ugali ilhali ratiba huupima ugali kwa gramu, na kila "asante, nimeshiba" huhesabiwa kuwa dharau. Hatimaye mwenyeji husalimu amri na kupakua kidogo, katika juma lilelile ambalo mwili wa mgeni umezoea mwinuko na njaa imeanza kumtafuna; naye, akichelea kuonekana mlafi, hanyanyui sahani kuomba nyongeza. Kwa adabu hiyo ya pande mbili kijana huondoka amekonda, na majirani waliokuja kumuaga humtazama mwenyeji kwa macho ya kuuliza.